Zulia Lisiloliwa na Mchwa

Dar es Salaam,
11 Juni 1960

Mke wangu Nyamizi,

Salamu nyingi kutoka pwani. Mimi mzima, kazi ya ghalani ndiyo ile ile, joto ndilo lile lile, shati likikauka asubuhi limelowa tena kabla ya saa nne.

Ukipata barua hii nenda stesheni ukaulize mzigo wenye jina langu. Umeviringishwa kwa gunia na kufungwa kamba ya katani. Usiwaachie wachukuzi wauburure. Ndani mna zulia.

Najua unacheka. Utasema Wenceslaus amekuwa tajiri wa Kiarabu sasa. Cheka, lakini kwanza sikia sifa zake. Hili si la sufu, si la pamba, si la katani. Ni la nailoni, uzi unaopikwa kiwandani, hautoki kwa kondoo wala shambani. Mwenye duka alilimwagia chai ya rangi mbele yangu, akapangusa kwa kitambaa chenye maji, doa hakuna. Haliozi, halipauki, nondo hawalitaki, na zaidi ya yote mchwa hawali! Mji kama Tabora, ambako walitumalizia mkeka wa harusi yetu na nusu ya sanduku langu, sifa hiyo peke yake inatosha. Rafiki yangu Abbasi, ninayefanya naye kazi, analo la namna hiyo hiyo sebuleni kwake. Watoto wanalilalia, wanalikojolea, na bado jipya.

La pili. Mama atakuja kutoka Usinge kwa treni, goti linamsumbua na hospitali iko karibu na kwetu. Atakaa mpaka apate nafuu. Hamjapata kuishi nyumba moja, nami niko mbali, siwezi kusimama katikati yenu. Mtunze kwa adabu zote za kwetu, maana mama ni mtu wa kuhesabu adabu.

Minza mwambie viatu vyake baba hajavisahau.

Ni mimi mumeo,
Wenceslaus


Mtendeni, Tabora,
10 Julai 1960

Mume wangu, tajiri wa Kiarabu,

Zulia limefika. Majirani wamepita mmoja mmoja kulitazama, kila mtu na kisingizio chake, huyu anaazima chumvi, yule anauliza saa. Harufu lilikuja nayo kali, kama mpira mpya, nikalianika uani siku nzima. Minza amelimwagia uji, nimepangusa, kweli doa hakuna. Mchwa nao wamekula mkeka wa ukili pale ukutani, walipolifikia zulia wakageuka. Duka lako halikusema uongo.

Lakini lina alama nne zilizobonyea, mbalimbali kama miguu ya kitanda. Kitanda cha nani, Wenceslaus? Nakuuliza wazi, kwa sababu neno likikaa moyoni mwangu linachacha. Wewe nijibu, nami nitaamini jibu lako.

Mama amefika salama. Nilimwekea kiti katikati ya zulia, akakisukuma kwa mkono wake mpaka penye sementi karibu na dirisha. Amesema hawezi kuweka miguu yake juu ya kitu asichokijua. Sikubishana naye. Kila asubuhi namsalimu kama bibi yangu alivyonifundisha kwetu Sikonge. Navua viatu, napiga magoti mlangoni, namwendea kwa magoti mpaka kitini, namshika mkono kwa mikono yangu miwili: mwangaluka, mayu. Anaitikia. Ila tangu juzi hanitazami usoni, na mkono anautoa kama mtu anayeutia kwenye maji ya moto. Sijui nimekosa nini. Ukijua wewe, niambie.

Mkeo,
Nyamizi


Mtendeni,
24 Julai 1960

Mwanangu Wenceslaus,

Tumsifu Yesu Kristu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Goti bado. Wamenichoma sindano, wamenipa na dawa ya kuchua. Lakini sikukuandikia habari za goti.

Mkeo ananiuma.

Usicheke. Sisemi habari ya maneno. Maneno yake matamu, tena yamezidi. Kila asubuhi ananijia kwa magoti, kichwa chini, ananishika mkono, na hapo hapo kitu kinanichoma vidoleni, ta! kama siafu. Mara ya kwanza nilidhani ameshika pini. Nikamtazama mikono, hana kitu. Kesho yake, ta! Nikaificha mikono ndani ya kanga, akanigusa goti, ta! pale pale panaponiuma. Na yeye hushtuka, macho yanamtoka, kisha anajifanya hakuna lililotokea. Kama hajui kitu, mbona anashtuka? Na kama anajua, mbona hasemi?

Na hilo zulia lako. Niliangusha kaa la kiko changu pembeni yake. Kitambaa cha watu kikiguswa na moto kinafuka moshi, kinakuwa majivu. Hili lilinywea, likayeyuka kama nta, kisha likawa gumu. Mchwa wamekula mkeka, wamekula mguu wa kabati, zulia wameliogopa. Ebo! Mdudu anayekula boriti za nyumba, anayekula hata kitabu cha sala, anaogopa nini? Nimekulia msituni Usinge mimi. Sijaona kitu ambacho mchwa wanakikimbia bila sababu.

Nakuuliza kama mama yako. Zulia hili umelitaka wewe, au kuna mtu alikuagiza ulilete?

Mama yako,
Pelagia


Dar es Salaam,
5 Agosti 1960

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenikosesha usingizi.

Zulia nimelinunua mwenyewe dukani, mchana kweupe, hakuna aliyeniagiza. Hata hivyo jana nilikwenda kwa Abbasi makusudi. Zulia lake na letu ni mamoja, hata duka ni moja. Nimelitembelea, nimelikalia, nimegaagaa juu yake mpaka mkewe akaniuliza kama nina homa. Nimeshika mkono wa kila mtu wa nyumba ile. Hakuna kilichoniuma.

Kwa hiyo kosa si la zulia. Linalofuata naogopa kuliandika. Wewe kaa kimya, angalia, unijulishe. Usimwambie kwamba umeniandikia.

Mwanao,
Wenceslaus


Dar es Salaam,
5 Agosti 1960

Nyamizi,

Zile alama nne ni za miguu ya meza ya dukani. Zulia lilikuwa limetandikwa chini ya meza ili watu walione. Mwulize yeyote.

Sasa na mimi nina langu. Siku hizi unapaka nini mikononi? Ni akina nani wanaoingia nyumbani wakati mama amelala? Ulipokwenda Sikonge wakati wa Pasaka, ulirudi na nini? Najua watu wa kwenu, wakienda kurina asali, wana mizizi yao ya kujikinga. Sisemi kwa ubaya. Nauliza tu.

Mama anaendeleaje?

Wenceslaus


Mtendeni,
20 Agosti 1960

Mume wangu,

Meza ya dukani. Nimeamini, yamekwisha, sitalitaja tena.

Unauliza napaka nini. Mafuta ya nazi, chupa uliyoileta wewe. Anaingia nani? Apolinaria, mke wa fundi cherehani hapa jirani, na muuza maziwa ambaye hapiti dirishani. Kutoka Sikonge nilirudi na asali, na mama yako ameila nusu, Mungu akipenda atamaliza iliyobaki. Mizizi baba yangu hana. Baba yangu ni mzee wa kanisa la Moravian, ana Biblia na mizinga ya nyuki. Haya, nimejibu. Sasa nani amekuandikia nini, Wenceslaus? Maana maswali haya hukuyaota.

Basi na mimi nitoe nililolificha. Mama yako ananichoma. Kila nikimshika mkono kitu kinaniruka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Nilinyamaza, kwani nani atamwandikia mumewe kwamba mama yake ana kitu mkononi? Nikajiambia labda amekuja na kinga yake, anampima mkamwana. Nikaona nimzidishie heshima tu, pengine atanionea huruma. Siku hizi sipigi magoti asubuhi peke yake. Chai kwa magoti, maji ya kunawa kwa magoti, chakula kwa magoti, zulia zima kutoka mlangoni mpaka kitini kwake. Hata ile shumizi ya nailoni ya Krismasi naivaa ndani ya gauni, kwa kuwa siku moja aliisifu.

Na kila nikizidisha, naye anazidi kunichoma. Vidole vyangu vinauma ninapoandika, au labda ni hofu. Naogopa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Njoo, hata kwa siku chache. Tukae watatu, usikie kwa masikio yako.

Nyamizi


Mtendeni,
28 Agosti 1960

Wenceslaus,

Tumsifu Yesu Kristu. Uliniambia niangalie, nimeangalia.

Huyu jirani Apolinaria hana adabu hata chembe. Ananizungukia pembeni penye sementi, ananisalimu amesimama, mkono mmoja ananipa, wa pili umeshika kikapu. Haniumi. Muuza maziwa ananipa mkono dirishani, haniumi. Padre aliniletea Komunyo, haniumi. Minza analala kifuani kwangu, haniumi. Ni mkeo peke yake. Na kila akizidi kujishusha ndivyo anavyozidi kuniuma. Mtu mwenye jambo atalificha wapi, kama si ndani ya heshima nyingi?

Jana ameleta chai kwa magoti. Alipogusa mkono wangu cheche niliiona kwa macho haya mawili. Sinia likaanguka, chai ikanimwagikia, Minza akalia. Mkeo naye akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemfanyia. Alaa! Mimi?

Sasa chagua. Ama mimi napanda treni nirudi Usinge na goti langu, na ukisikia nimekufa usije kuzika. Ama yeye arudi kwao. Mtoto abaki. Mahari ilitoka kwetu, mtoto ni wa nyumba hii.

Pelagia


Dar es Salaam,
8 Septemba 1960

Nyamizi,

Mama hajisikii vizuri na nyumba ina watu wengi. Nimeona ni vema uende Sikonge kwa baba Luhende ukapumzike kidogo. Minza abaki amchangamshe bibi yake. Likizo sijapata. Usilichukulie vibaya, ni mapumziko tu.

Wenceslaus


Sikonge,
2 Oktoba 1960

Wenceslaus,

Nimefika kwa lori la tumbaku. Minza alinikamata gauni, ikabidi Apolinaria amfungue vidole kimoja kimoja. Sitakusimulia zaidi ya hapo.

Baba aliniuliza nimefukuzwa kwa kosa gani. Nikamwambia sijui. Hakuna jibu la aibu kama hilo, bora ningesema nimeiba. Ametaka kwenda Tabora kuita wazee, nikamzuia. Nilisema mume wangu ataandika.

Mimi nilipokushuku nilikuuliza wazi, kitanda cha nani. Ukajibu, nikaamini, na wala sikwenda kupima meza za dukani. Wewe uliponishuku uliuliza habari za mafuta. Kisha nilipokwambia yote, hata yale ya mama yako, ukanijibu mapumziko.

Niambie nitakuwa nimepumzika ifikapo mwezi gani. Nataka mwanangu.

Nyamizi


Mtendeni,
18 Desemba 1960

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu na Krismasi njema.

Mvua zimeanza vizuri, mji umejaa matope. Goti linanipa nafuu, lakini nimeamua kubaki kwa ajili ya Minza. Nyumba imetulia kabisa. Tangu yule aondoke sijaumwa hata mara moja. Ulitaka ushahidi, huo hapo. Yeye kuondoka na maumivu kuondoka.

Minza nimeanza kumfundisha heshima, mtoto wa kike asikue kama Apolinaria. Anapiga magoti vizuri, ila anachekacheka.

Fikiria habari ya mke mwingine. Usichague mwenye maneno matamu.

Pelagia


Sikonge,
5 Machi 1961

Wenceslaus,

Sijapata jibu. Minza anakula?

Nyamizi


Mtendeni,
9 Julai 1961

Wenceslaus,

Mungu atusaidie. Mtoto ameanza.

Minza amekua, adabu amezishika, kila asubuhi ananijia kwa magoti kama mama yake. Wiki iliyopita ameshika mkono wangu, ta! Nilidhani nimeota. Kesho yake, ta! Ni ule ule, hauna tofauti. Na yeye anaruka, anapuliza vidole vyake, ananiambia, "Bibi, nimefanyaje?" Nikamtazama, nikamwona mama yake mtupu.

Amempa mtoto. Kabla hajaondoka amempa, ikalala ndani yake masika yote, sasa imeamka. Siwezi kumshika tena, Wenceslaus. Namnawisha kwa kijiti na kitambaa. Jana alitaka kunikumbatia, nikamsukuma, akaangukia kizingiti. Hakuumia sana. Mimi ndiye niliyelia.

Nimeulizia. Nzega kuna mtu anayejua mambo haya, atamtia chale, atamkalisha kwake mpaka imtoke. Wanasema wengine hukaa mwaka. Nataka neno lako. Padre asijue.

Mama yako,
Pelagia


Dar es Salaam,
18 Julai 1961

Mama,

Shikamoo. Mimi niko mbali, wewe ndiye unayeona. Fanya unavyoona inafaa. Ila wasimuumize sana.

Wenceslaus


Mtendeni,
30 Julai 1961

Nyamizi,

Sijawahi kukuandikia, na pengine ukiona mwandiko wangu utataka kuchana. Usichane. Minza mzima, yuko hapa mbele yangu anakula karanga. Keti kwanza ndipo usome.

Nilikuwa nimpeleke mwanao Nzega kwa mganga. Ndiyo, hivyo hivyo ulivyosoma. Alianza kuniuma kama ulivyokuwa ukiniuma wewe, nikasema umemrithisha. Baba yake nilimwandikia, akakubali. Mizigo ilikuwa imefungwa, basi la kesho yake.

Asubuhi hiyo nilitaka kwanza kumwombea. Sementi inaniumiza goti, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilipiga magoti juu ya zulia lenu, nikasali rozari mpaka mwisho. Mtoto alikuwa amejibanza mlangoni, pale penye sementi, ananiogopa kwa kuwa siku zile nilikuwa namkwepa. Nilipomaliza nikashindwa kusimama. Unalijua goti langu, likishakunjwa. Nikajikokota kwa magoti hivyo hivyo mpaka mlangoni, nimtie ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Kidole changu kilipomgusa tu, ta!

Akapiga ukelele, "Bibi, na wewe unauma!"

Nilikaa chini kama gunia. Mimi! Na rozari bado imezunguka mkononi! Nani amenipa mimi dawa? Nimelala na nani, nimekula nini? Nikawaza mpaka kichwa kikagonga. Kisha nikarudi kitini kwangu dirishani, nikamwita Apolinaria. Nikamwambia, leo utanisalimu kama mtu aliyelelewa, vua viatu, uje kwa magoti kutoka huko ulipo. Akacheka sana, akaja. Aliponishika mkono aliruka, akatukana tusi ambalo sitaliandika. Nikamwambia rudi, pita pembeni penye sementi, nisalimu umesimama. Akanisalimu. Hakuna kitu.

Umenielewa, mwanangu? Ni kule kujiburura kwa magoti juu ya zulia, kiangazi hiki kikavu. Masika hakuna kitu, ndiyo maana nilidhani umeondoka na balaa lako, kumbe ni mvua tu zilikuwa zimenyesha. Wasio na adabu hawakuniuma kwa kuwa hawakunipigia magoti. Mlionipigia ni wewe na mwanao. Nikawafanya ninyi ndio wabaya.

Sikuandikii kuomba radhi. Hilo nitalisema kwa mdomo, mbele ya baba yako Luhende akitaka, na mbele ya Apolinaria, ambaye ndiye aliyesikia nikikuita mchawi. Safari ya Nzega nimeivunja. Minza nimemkumbatia tangu juzi mpaka amechoka, ananiambia, "Bibi, niache nikacheze."

Njoo. Usingoje barua ya Wenceslaus. Mlango nitaufungua mimi.

Pelagia


Dar es Salaam,
16 Agosti 1961

Mke wangu mpenzi Nyamizi,

Nimepata barua ya mama, nami moyo wangu umejaa furaha. Kumbe hakuna aliyekosa! Kosa lote ni la zulia. Nimekwisha kuzungumza na mtu atakayelinunua, na fedha yake nitakuletea kitenge. Abbasi naye amecheka mpaka machozi.

Basi rudi nyumbani, tusahau, tuanze upya kama zamani. Likizo nimepata, mwisho wa Septemba nitakuwa Tabora.

Ni mimi mumeo akupendaye,
Wenceslaus


Mtendeni,
3 Septemba 1961

Wenceslaus,

Niko Mtendeni. Nilifika wiki mbili zilizopita, kabla barua yako haijafika Sikonge. Baba ndiye aliyeniletea barua hiyo huku kwa baiskeli, nayo ilikuwa imefunguliwa.

Mama yako alinifungulia mlango mwenyewe. Nilitaka kupiga magoti, akanishika mabega, akasema, "Mimi na wewe tutasalimiana tumesimama mpaka mvua zinyeshe." Maneno aliyoniahidi ameyasema yote, kwa sauti, Apolinaria yuko uani anasikia. Nami nimemwambia kwamba nilimshuku yeye kwa lile lile, nilidhani ametoka Usinge na kitu mkononi. Akanitazama, akaangua kicheko, tukacheka wote wawili mpaka Minza akaja kuuliza tunamcheka nani. Minza ameota jino jipya. Ana kovu dogo kwenye nyusi, la kizingiti. Usiku hulala amenishika gauni.

Zulia haliuzwi. Linapanguswa, mchwa hawali, mtoto anacheza juu yake mchana kutwa. Ukijua tabia yake halina tabu, na kiangazi tunalinyunyizia maji kidogo, au tunagusa ukuta kabla ya kugusana. Kwa Abbasi haliumi kwa sababu huko pwani kwenu hakuna kinachokauka. Uligaagaa kwa watu ukapata jibu la Dar es Salaam, ukalileta kuhukumu watu wa Tabora.

Unasema hakuna aliyekosa. Hebu tuhesabu pamoja. Mama yako aliniogopa kwa kuwa aliumia. Mimi nilimwogopa yeye kwa kuwa niliumia. Mwanao aliogopa kwa kuwa aliumia, kisha akasukumwa. Wewe hukuumia popote. Ulikaa mbali, ukaamua. Mama yako amenionyesha na ile barua yako ya tarehe kumi na nane Julai. "Ila wasimuumize sana." Nimeisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya mto, siwezi kuitupa na siwezi kuisoma tena. Mtoto wako, Wenceslaus!

Nimerudi kwa mwanangu, na kwa mama. Kwako bado.

Ukija hiyo likizo utapiga hodi kama mgeni. Tutakukaribisha, tutakupa maji, baba yangu atakuwepo. Kisha utavua viatu mlangoni na kupiga magoti. Najua wanaume wa kwenu hawapigi magoti, mama yako ananiambia hata marehemu baba yako hakumpigia mtu. Wewe utapiga. Utavuka zulia lote kwa magoti mpaka tulipokaa, umshike mkono mama, kisha mimi, kisha Minza. Mama amekubali. Ndiye aliyesema na Minza awemo.

Ukimaliza, vidole vikikuuma, ndipo tutakaa tuzungumze kama kuna cha kurudiana.

Uje kabla mvua hazijaanza.

Nyamizi